Sabufa haijachoka, imejazwa besi: uzi wa kupanga besi na trebo nyumbani

Mtaa wa Pili (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Katiza Sinza, Tabata au Manzese Jumamosi jioni. Sabufa inanguruma mpaka nondo za dirisha zinaitikia, ila ukisimama mlangoni huwezi kusema mwimbaji kaimba nini. Ingia ndani: nobu ya besi, yaani sauti nzito, imezungushwa hadi ilipogoma, trebo, yaani sauti nyepesi za juu, nayo hivyohivyo, na mwenye chombo analalamika spika zimechoka, mwisho wa mwezi anakwenda Kariakoo kuchukua nyingine. Hiyo nyingine ikifika inapangwa vilevile.

Hoja yangu kwenye uzi huu ni fupi, maelezo ndiyo marefu: nobu ya sauti inakusaidia zaidi unapopunguza kuliko unapoongeza. Wapenda besi msikimbie, nanyi nimewawekea chenu.

Tuanze na kile nobu inachofanya. Sakiti ya besi na trebo iliyoenea duniani ni ya mhandisi wa Uingereza, Peter Baxandall, aliyeichapisha kwenye jarida la Wireless World mwaka 1952. Uzuri wake ni kwamba nobu zote zikiwa katikati, sauti inatoka kama ilivyoingia. Ukizungusha, unainua au kushusha pande mbili za mwisho, na katikati panaguswa kidogo. Kwa vyombo vingi vya nyumbani, besi inashika kuanzia karibu hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) kwenda chini, lakini mkia wake unafika hezi 200 hata 300. Trebo inashika juu kabisa, karibu hezi 10,000, na mkia wake unashuka hadi 2,000 au 3,000.

Sasa angalia sauti ya binadamu imekaa wapi. Sauti ya mwanamume anayeongea inaanzia kati ya hezi 85 na 180. Kwa hiyo ukijaza besi, mtangazaji wa taarifa ya habari anasikika kama yuko ndani ya pipa. Halafu herufi zinazotufanya tuelewe maneno, yaani s, sh, t, k, f, ziko juu, hezi 2,000 hadi 8,000. Sauti nzito ikizidi inazifunika hizo nyepesi, sikio ndivyo lilivyo. Ndipo mtu anaongeza trebo ili apate maneno, kisha anaona besi imepungua, anaongeza besi. Anakwenda hivyo mpaka nobu zote zinafika ukutani, na hapo anapandisha sauti.

Jambo la pili ni nguvu. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti: desibeli 3 za nyongeza maana yake wati mara mbili. Desibeli 10 ni wati mara kumi. Kama besi ya wimbo ilikuwa inakula wati 4, ukiizungusha mpaka juu kwa desibeli 10 sasa inadai 40. Chombo chako kinazo? Boksi limeandikwa wati elfu kumi, sawa. Geuza nyuma, soma kibandiko cha umeme, utakuta wati 60 au 80. Hakuna chombo kinachotoa muda wote zaidi ya kile kinachovuta ukutani, na sehemu ya kinachovutwa inaishia kuwa joto. Ile namba kubwa ya boksi, wanayoiita PMPO, ni pambo tu.

Jambo la tatu, nalo ndilo linalosahaulika kuliko yote: chumba. Vyumba vyetu vya kupanga vya futi 10 kwa 10 vina tabia yake. Kwa joto letu la nyuzi 30 hivi, sauti inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde. Ukuta hadi ukuta ni mita 3 na kidogo, hivyo chumba kinavuma chenyewe karibu na hezi 57. Na kwa kuwa ni mraba, upana na urefu vinavuma pamoja, mahali palepale. Waya wa noti ya la (A) wa gita la besi ukipigwa wazi ni hezi 55. Umeelewa kwa nini kuna noti moja tu ya besi inayopasua kichwa na nyingine hazisikiki? Hapo nobu haina hatia, chumba kinaimba.

Ongeza na kona. Sabufa ikikaa katikati ya ukuta, chini, ina besi yake. Isukume kwenye kona na umeipa besi nyingine ya bure, maana kila ukuta unaoongeza karibu nayo unarudisha sauti upande wako, na nyongeza inaweza kufika desibeli 6. Watu wengi Dar sabufa iko konani, nyuma ya mlango, na besi imejazwa. Halafu tunashangaa.

Kwa hiyo mimi napanga hivi. Nobu zote katikati, au sifuri kwa wenye rimoti. Loudness, kile kitufe cha kukuza besi, zima. Mambo ya Rock, Pop, Jazz, zima. Ikwalaiza ya simu zima pia, kwa sababu wengi mnaongeza besi kwenye simu kisha mnaiongeza tena kwenye sabufa, na kilichotoka simuni kikiwa kimeharibika hakuna nobu ya kukirudisha. Sauti ya simu ipandishe karibu na mwisho, ya sabufa ndiyo uicheze.

Weka wimbo unaoujua kwa moyo, wenye mtu anayeimba, si mapigo matupu. Kaa unapokaa siku zote. Kama besi imezidi, kabla hujagusa nobu sogeza sabufa kutoka konani, hata nusu mita. Kama trebo inachoma, piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaorukaruka, hizo ni vigae na kuta tupu. Pazia zito na zulia vitafanya kazi kuliko nobu. Baada ya hapo ndipo uzungushe, kidogo kidogo, na uanze na kupunguza. Trebo ikipungua kidogo, besi inajitokeza bila kuongezwa. Besi ikipungua kidogo, maneno yanatoka.

Ujanja mmoja wa mwisho. Sikio linapenda kilicho na sauti kubwa zaidi, hata kama ni kibaya zaidi. Ukiongeza besi sauti nzima imepanda, lazima utaona imependeza. Ishushe ilingane na ya awali ndipo ulinganishe. Hapo utashangaa ni mara ngapi ile ya awali inashinda.

Karibuni, wenye hoja na wenye matusi pia.

Besi Ni Besi

Mkuu umeandika vizuri ila hujawahi kucheza singeli wewe. Muziki bila besi kifuani ni matangazo ya vifo. Mimi besi mwisho, trebo mwisho, katikati anajijua. Miaka yote chombo kinadunda.

Mtaa wa Pili

Mkuu, singeli ndiyo haswa inayokukana. Mapigo yake yanapita 200 kwa dakika, yaani pigo moja kila sekunde 0.3 au pungufu. Besi ikijazwa ndani ya chumba kidogo, pigo la kwanza halijaisha kuvuma la pili limefika, la tatu linakuja juu yake. Unachosikia ni ngurumo moja ndefu. Dansi la polepole linaweza kuvumilia besi nyingi. Singeli inataka besi inayopiga na kunyamaza. Jaribu siku moja kuishusha kidogo na kuitoa sabufa konani, kisha usikilize kama ngoma hazijaanza kuachana.

Besi Ni Besi

Nitajaribu ili nije kukukosoa vizuri.

Mama Wawili

Habari zenu kaka zangu. Mimi sina makuu, nataka kusikia tamthilia. Baba watoto kanunua sabufa akaiunga kwenye TV, sasa muziki ukipigwa pale kwenye filamu nyumba inatikisika, wakianza kuongea nasikia mm mm mm. Naongeza sauti, muziki unarudi, mtoto anaamka. Rimoti ina besi, trebo, na kitu kinaitwa woofer. Niguse kipi?

Mtaa wa Pili

Dada, gusa hicho cha woofer kwanza, yaani wufa, spika kubwa ya besi, kishushe chini kabisa halafu kipandishe taratibu mpaka uanze tu kukisikia, uishie hapo. Besi iache sifuri au chini kidogo ya sifuri. Trebo ongeza hatua moja, mbili ukilazimika. Kwenye TV yenyewe ingia kwenye mipangilio ya sauti. Nyingi zina namna ya sauti ya maongezi au ya habari, ichague. Na zile spika ndogo mbili zisikae nyuma ya maua wala juu ya kabati zikitazama dari. Zitazame uso wako, ziwe kimo cha masikio ukiwa umekaa. Sauti za juu zinakwenda kwa mstari, spika isipokutazama unapoteza maneno.

Baba watoto akitaka muziki wake Jumamosi aongeze woofer peke yake, asiguse vingine.

Mama Wawili

Ubarikiwe. Maua nimeyatoa tayari, hayo mengine akirudi.

Babu wa Sikinde

Vijana, mnajadili mambo yenu ya simu. Mimi nina kaseti za bendi za Msondo na Mlimani Park, nyingine nilirekodi mwenyewe redioni enzi za RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam. Uzi huu unasema tusiongeze, lakini nikiweka nobu katikati nasikia shshshsh na gita la solo linanichoma. Nikipunguza trebo, raha inarudi. Mjukuu wangu anasema naharibu. Nani mkweli?

Mtaa wa Pili

Shikamoo mzee. Wewe ndiye mkweli, na hapo umefanya kile ninachokihubiri: umepunguza.

Ile shshsh ni ya mkanda wenyewe, iko masafa ya juu, na trebo ikishuka inashuka nayo. Kuna jambo jingine pia. Kaseti zilizorekodiwa kwa Dolby B, mfumo wa kupunguza kelele za mkanda, zilipandishwa sauti za juu makusudi wakati wa kurekodi, ili deki inapocheza izishushe pamoja na kelele. Zikichezwa kwenye deki isiyo na Dolby, au iliyozimwa, zinatoka kali kuliko zilivyokusudiwa. Angalia kama deki yako ina swichi hiyo. Kama haina, trebo chini kidogo ndiyo dawa. Na besi nzito usiitafute kwenye rekodi za redio za wakati ule. Ukiijaza utapata mngurumo wa mota ya deki.

Babu wa Sikinde

Marahaba. Swichi ipo, ilikuwa imezimwa. Mjukuu asome hapa.

Mjukuu Huyo

Nimesoma babu. Lakini ukiwa unasikiliza redio ya kawaida unaweka trebo mwisho, hilo hukulisema.

Mtaa wa Pili

Hahaha. Hilo nalo lina sababu. Umri ukienda sikio linapoteza sauti za juu kwanza. Mzee anapoongeza trebo anajirudishia kilichopungua, na kwake iko sawa. Kwako wewe inachoma. Anayekaa kwenye kiti ndiye anayepanga, mwingine avumilie au ahamie chumba kingine.

Dada Upanga

Mnajisumbua bure jamani. Nina amplifaya ya pekee na spika mbili za sakafuni, ina kitufe cha kupita moja kwa moja bila nobu za sauti. Nimekibonyeza, basi. Fundi wa studio alishapanga muziki wake, wewe ni nani umrekebishie?

Mtaa wa Pili

Dada, hapo tunaachana njia. Fundi wa studio alipanga akiwa kwenye chumba chake, na spika zake, na kiwango chake cha sauti. Hakuwahi kukanyaga sebule yako ya vigae. Ukisikiliza usiku kwa sauti ndogo, tayari husikii alichosikia yeye. Hilo lilipimwa na Fletcher na Munson wa maabara za Bell huko Marekani, wakachapisha mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi haraka kuliko sauti za katikati. Ndiyo sababu kitufe cha loudness kikabuniwa, kirudishe besi pale unaposikiliza polepole. Ubaya wetu ni kwamba tunakiacha kimewaka hata tukiwa tumefungulia mtaa mzima usikie.

Kwa hiyo saa nne usiku, sauti chini, ongeza besi kidogo bila aibu. Jumapili mchana sauti ikiwa juu, irudishe sifuri. Mpangilio mmoja wa milele haupo. Kile kitufe chako ni kizuri kwa kulinganisha, lakini kukifanya dini ni uvivu tu wenye gharama kubwa.

Dada Upanga

Umenitukana kistaarabu, nimepokea. Ila usiku kweli huwa naona muziki umekauka.

Kijana wa Mbagala

Mkuu mimi shida yangu kinyume. Nimenunua amplifaya ya mtumba na spika mbili kubwa za mbao, wufa za inchi 8. Besi hakuna kabisa. Nimejaza mpaka mwisho bado nyepesi. Ajabu nikienda jikoni ndiyo naisikia kidogo. Muuzaji anasema spika nzima.

Fundi Gerezani

Dogo, kabla hujagombana na muuzaji angalia waya. Nyuma ya kila spika kuna mlango mwekundu na mweusi, na nyuma ya amplifaya vilevile. Nina hakika spika moja umeigeuza. Spika moja ikisukuma hewa mbele nyingine inavuta nyuma, besi zinauana katikati pale ulipokaa. Ukitoka pembeni au jikoni unaipata kidogo, hivyo ulivyosema.

Zima umeme. Spika moja tu, badilisha nyekundu na nyeusi. Washa, rudisha besi katikati kwanza, la sivyo utaruka. Ikiwa besi imepungua zaidi, rudisha ulivyokuwa.

Kijana wa Mbagala

Fundi. FUNDI. Jirani kashagonga ukuta.

Fundi Gerezani

Sasa zima uende ukamsalimie.

Na mimi niongeze kidogo kwa mwenye uzi, kuhusu kuungua. Pale mtaani Gerezani zinaletwa spika twita, ile ndogo ya sauti za juu, imekufa, wufa nzima, na mwenye nayo anaapa alikuwa anaongeza besi tu. Anasema kweli. Amplifaya ikiishiwa nguvu, kilele cha wimbi kinakatwa, linabaki bapa. Wimbi lililokatwa linazaa sauti za juu ambazo hazikuwepo kwenye wimbo, na kama amplifaya moja inalisha wufa na twita kwa pamoja, takataka hizo zinaishia kwenye twita, ambayo waya wake ni mwembamba sana. Sabufa zenye amplifaya ya wufa peke yake zina nafuu hapo, zenyewe zinakoroma tu. Ukisikia mkwaruzo kwenye kila pigo, punguza besi kabla hujapunguza sauti.

Lingine. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na vumbi halikosekani. Nobu ikikwaruza ukiizungusha, au upande mmoja unapotea na kurudi, hiyo ni uchafu ndani ya nobu, sauti haitapangika hata usome uzi kumi. Zima, chomoa, izungushe mwanzo mwisho mara nyingi. Isipopona, kuna dawa ya kopo ya kupulizia sehemu za umeme, duka za vifaa vya umeme wanayo. Msipulizie mafuta ya bawaba za mlango, nimeshachoka kusafisha hayo.

Mpangaji Kimara

Fundi samahani, yangu ina mngurumo wa chini, mmmmm, hata muziki ukiwa umesimama. Nikipunguza besi unapungua. Basi ni besi?

Fundi Gerezani

Besi inauonyesha tu. Umeme wetu ni hezi 50, na huo mlio ni huo au jirani yake wa 100. Chomoa waya zote zinazoleta muziki, acha chombo kimewaka. Kama kimenyamaza, tatizo liko kwenye waya wa TV, king'amuzi au kompyuta: badilisha waya, na uvichomeke vyote kwenye soketi moja ya ukutani. Kama unaendelea hata bila waya, kapasita za ndani za kuchujia umeme zimechoka, hiyo ni kazi ya fundi. Usiifungue mwenyewe, kapasita zinashika umeme hata ukiwa umechomoa.

Besi Ni Besi

Nimerudi. Sabufa nimeitoa konani, besi nimeshusha robo. Singeli kweli imeachana, hilo nakubali. Lakini besi ya kifuani imepungua na hiyo sikubali. Nataka zote mbili.

Mtaa wa Pili

Zote mbili unaweza kuzipata bila nobu. Beba sabufa uiweke mahali unapokaa, juu ya kochi lenyewe. Piga wimbo wenye besi inayotembea noti nyingi. Halafu wewe ndiye uzunguke chumba ukitambaa, kichwa kiwe chini pale ambapo sabufa ingekaa. Kuna sehemu besi itakuwa ngurumo, kuna sehemu itapotea kabisa, na kuna sehemu kila noti itasikika kwa uzito unaolingana. Iweke hapo. Inafanya kazi kwa sababu chumba kinaitendea sauti vilevile ukibadilishana nafasi na spika.

Besi Ni Besi

Nitambae? Mimi? Kwenye chumba cha futi kumi chenye kitanda na friji?

Mtaa wa Pili

Zunguka basi kwa magoti, utapita.

Besi Ni Besi

Imeangukia kati ya friji na kitanda. Huko ndiko kuna ukuta wa jirani sasa.

Fundi Gerezani

Iweke juu ya kipande kinene cha mpira, hata tairi lililokatwa, isiguse sakafu wala ukuta moja kwa moja. Mtetemo wa sakafuni utapungua. Ule unaopita hewani na kwenye tofali hautapungua, besi haizuiliwi na ukuta wa inchi sita. Huo unaushusha kwa nobu ikifika saa nne.